Nilivyomwamkia Mzee wa Ufaransa

Jamani, nichekeni tu. Nafanya usafi kwenye gym ya hoteli hapa Al Garhoud, Dubai, na wafanyakazi tumekatazwa kugusa mashine. Ukikamatwa, khalas, kazi huna.

Juzi mchana gym ilikuwa tupu. Nikapanda ile baiskeli yenye skrini, nikavaa hedfoni, nikachagua Ufaransa. Wacha wee! Barabara inafuata mto, mara daraja, mara kijiji, jogoo wanawika. Nikajiona nimepakiwa nyuma ya baiskeli ya marehemu baba kule mto Sabaki, tunapeleka mikate. Baba hakumpita mtu bila kumsalimia.

Kwenye skrini akatokea mzee kakaa nje ya nyumba yake. Mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo mzee!"

Mara kijana mmoja wa humo humo kwenye skrini akanipita mbio na baiskeli yake, wala hakumtazama yule mzee. Damu ikanichemka.

"We! Unampitaje mzee wa watu bila salamu? Rudi hapa!"

Nikakanyaga pedali nimfukuze. Bega likaguswa. Nikavua hedfoni, nikageuka. Bosi wetu, madam wa Kizanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, kasimama na wageni wawili.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. "Yule mzee hakukusikia. Sisi tumekusikia mpaka mapokezi."