Maduara Saba ya Chaki

Asubuhi ya mwisho ya kawaida mke wangu alioka mkate wa mahindi, akanimiminia chai ya kijani, akasema nimeweka kuni mbichi. Nikamwambia ni kavu.

"Basi huo moshi unatoka kichwani mwako, mzee."

Tukacheka. Kisha akaenda mlangoni, kama kila asubuhi, kutazama watoto wakipita kwenda shule. Aliwahesabu. Siku ile walikuwa thelathini na wanne. Mmoja alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja, mchezo tu, na mke wangu hakuondoka mlangoni mpaka alipouona mguu wa pili umekanyaga chini.

Kesho yake hakuamka.

Kwetu bondeni Kunar mume hamtaji mkewe mbele za watu. Miaka arobaini na mitatu nilimwita mama Nazo. Sasa nataka jina lake lijulikane. Aliitwa Torpekai.

Nazo ni mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa na miaka miwili homa ilipomshika, na ilipoondoka mguu wa kushoto ukakauka. Hatukujua kwamba kulikuwa na chanjo. Torpekai alimbeba mgongoni mpaka akafika miaka tisa. Ndiyo maana wageni wenye silaha walipokuja bondeni kwetu, wakajenga daraja, na ofisi ya serikali yenye bendera, na zahanati yenye jokofu, yeye hakulitazama daraja wala bendera. Alisikia zahanati wanatafuta mwanamke wa kuingia majumbani na matone ya polio. Hakuniuliza. Aliniambia, "Baba Nazo, vaa viatu."

Maana kwetu mwanamke hatembei peke yake. Basi nami nikawa mtu wa chanjo. Yeye aliingia ndani kwa wanawake na watoto, mimi nikabaki nje na kasha la barafu na chaki. Alipaza sauti: "Watoto watano, wamepata watano!" Nami nikaandika mlangoni. Tarakimu tulifundishwa pale zahanati, sote wawili, ambao darasani hatukukaa hata siku moja. Kama mtoto mmoja hakuwepo, nilichora duara. Maana yake: hapa tutarudi.

Juu kwenye mierezi walikaa wanaopigana na serikali. Chini darajani ilikuwa kambi ya wageni. Makombora yalipita juu ya mahindi yetu, ya hawa yakienda kule, ya wale yakija huku. Torpekai alikaa na kasha mapajani mpaka yaishe, kama mtu anayengoja mvua ikatike, kisha akatoka.

Wageni hawakudumu. Kila mwaka waliondoka wakaja wapya, nasi tukaanza upya kuwaambia shamba hili la nani na maji yale ya nani. Waliojenga zahanati waliijua chaki yetu. Waliokuja mwaka wa nne hawakuijua.

Matunda ya forsadi yalikuwa yanaanza kuiva. Asubuhi moja askari walipanda kijijini, wageni na wa serikali pamoja, wakapita mlango kwa mlango. Kwenye kila mlango wenye duara walimtoa mwanamume mmoja. Wakawa saba. Waliwakalisha shambani, mikono imefungwa nyuma. Mkalimani wao, kijana wa mjini Jalalabad, akatangaza kwamba kapteni wa wageni ameambiwa duara ni alama ya nyumba zinazolaza watu wa mlimani. Hawa saba wanashuka kambini.

Tulijua kushuka kambini ni nini. Imamu wetu alishuka. Alirudi baada ya miaka miwili, na mpaka leo hasemi.

Maduara yale nilichora mimi. Kwa mkono huu. Chaki ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisimama na wazee wenzangu, nikanyamaza. Niliogopa. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikamwona mke wangu anakuja. Amejifunika gubigubi, kasha begani, anakata shamba katikati kama anayekwenda kuteka maji. Bunduki zikamgeukia.

"Shangazi, simama!" mkalimani akapiga kelele. "Kasha lina nini?"

Akalitua, akalifungua mwenyewe, akarudi nyuma hatua tatu. "Barafu. Inayeyuka. Mwambie bwana wako aharakishe."

"Shangazi, hili ni jeshi."

"Naona, mwanangu, si kipofu. Mwambie duara si mtu wa mlimani. Duara ni mtoto ambaye sikumkuta. Aje mlango wa kwanza aone."

Kapteni alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua. Akamfuata.

Kwenye mlango wa kwanza Torpekai aliita, mtoto akatolewa, macho yamejaa usingizi. Akamfungua kinywa, matone mawili. Akampaka wino kwenye kidole kidogo. Kisha akanyoosha mkono upande wangu bila kunitazama.

"Chaki."

Nikatoka kwa wazee, mbele ya watu wote, nikampa. Akalikata duara kwa mstari mmoja, akamgeukia mkalimani. "Haya, mfungueni baba yake."

Kapteni akainamisha kichwa kidogo. Kamba ikakatwa.

Mlango wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Kwenye wa nne mtoto alimng'ata kidole, Torpekai akasema, "Huyu meno yake mazima, andikeni na hilo," na nikamwona askari mmoja wa kigeni anacheka kabla hata ya kutafsiriwa. Wa tano. Wa sita. Nilimfuata na kasha, nikiwa sijui tena huyu ni nani niliyeishi naye.

Mlango wa saba ulikuwa wa Wazir Gul. Mtoto hakuwepo. Mama yake alilia kutoka ndani kwamba binti yuko kwa mjomba wake.

"Mjomba anakaa wapi?" mkalimani akauliza.

Kijiji kizima kikatazama chini. Anakaa mlimani.

Kapteni akasema maneno machache. "Anasema huyu mmoja amemkamata kwa haki," mkalimani akatafsiri.

Torpekai alilitazama jua. "Nitamleta huyo mtoto kabla ya sala ya alasiri. Wazir asishuke mpaka nirudi."

"Kwa wale? Shangazi, watakuua!"

"Niliandika mlangoni kwamba nitarudi. Sasa narudi." Akanigeukia. "Baba Nazo, viatu."

Nilikuwa nimevaa.

Tulipanda kwa muda wa saa mbili. Kwenye mierezi ya kwanza mtu mwenye bunduki na wanja machoni akatuzuia. "Nyinyi ndio mnaowahesabia wageni milango yetu?"

"Nahesabu watoto," alisema Torpekai. "Wako bado hajapata. Mlete."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua naongea na baba. Kama anatembea vizuri, mshukuru Mungu, umlete hivyohivyo. Mimi wangu nilimbeba miaka saba."

Yule mtu akaweka bunduki begani, akaenda kwenye vibanda vya wachunga mbuzi, akarudi na mtoto wa kiume mkononi. Nyuma yake wanawake wakaja na wengine. Torpekai alipiga magoti juu ya mawe akawapa matone, mmoja baada ya mwingine, akibakiza kichupa kimoja. Binti wa Wazir, aliyekuwa kati yao, hakumpa. Alimpandisha mgongoni.

"Nipe nimbebe," nilisema.

"Wewe beba barafu."

Tulipofika shambani mwadhini alikuwa bado hajaadhini alasiri. Wazir alikaa palepale, midomo imepasuka kwa kiu. Kapteni alikaa juu ya jiwe, anamkabili. Torpekai akamtua mtoto kati yao, akampa matone mawili mbele ya macho ya kapteni, akampaka wino. Akaenda mlangoni akalikata duara la saba.

Wakamfungua Wazir. Kama alikuwa mmoja wa watu wa mlimani sikuuliza. Hata Torpekai hakuuliza.

Tulidhani yamekwisha. Ndipo kapteni akamnong'oneza mkalimani, na kijana yule, uso umebadilika, akauliza: "Shangazi, anataka kujua. Kule juu umekuta watu wangapi?"

Akitaja idadi, wa mlimani watakuja kwetu. Akikataa, atashuka kambini yeye. Wazir alikuwa anajisugua viganja, akaacha. Torpekai alifunga kasha, akajifuta vidole vya chaki kwenye gauni, akamtazama kapteni usoni kupitia wavu wa ushungi wake.

"Mwambie hivi: walio chini ya miaka mitano ni kumi na mmoja, na wote wamepata. Waliozidi hapo siwahesabu."