Nilimtafsiria Tata kwa daktari, na kuna uvimbe sikuutaja

Wakuu, salaam. Hii nimekaa nayo tangu miaka ya tisini. Sitii chumvi, na pale nisipoelewa nitasema sielewi. Ni pengi.

Nilikuwa nimemaliza Form Four na B ya Biology, kwa hivyo kwetu Nyamira nikawa ndiye daktari wa familia.

Baba yangu, tuliyemwita Tata, akaanza kukonda. Akilala jasho linalowesha shuka. Shingoni akatoka kivimbe kama punje ya mahindi. Akichuma chai anapumzika kila mstari, na yeye hakuwa mtu wa kupumzika. Niliogopa.

Tukaenda hospitali Kisii. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, mpole, Ekegusii hajui. Kiswahili cha Tata kilikuwa cha kununua sukari dukani kwa Mhindi, basi. Mimi nikawa wa katikati.

"Muulize mzee kama ana uvimbe kwingine," daktari akasema. "Kwapani, kinenani."

Wasio Wakisii mnisikilize hapa. Kwetu kuna ensoni, ile heshima yenye aibu kati ya mzazi na mtoto. Babu na mjukuu wanataniana watakavyo. Lakini mtoto hamtajii babake sehemu za chini, na baba hazitaji mbele ya mtoto.

Nikamuuliza Tata kuhusu kwapa. Kinena nikakiruka. Akasema hakuna.

Daktari alipotaka kumpima, Tata akashika mshipi wake, akaangalia dirisha. Nikitoka nje hawataelewana. Nikasema kwa Kiingereza changu safi, "He is okay there, doctor."

Mpaka leo sijui huo mdomo niliutoa wapi.

Wakakata kivimbe cha shingo, kikapelekwa Nairobi. Baada ya wiki nyingi majibu yakarudi: hakuna ubaya. Sisi ni Wasabato, tukatoa shukrani kanisani. Na Tata anazidi kukonda. Mimi na B yangu tukachanganyikiwa kabisa.

Siku moja ndugu yake, baba mdogo anayekaa Suneka, akaja kumwona. Wakakaa wawili nyuma ya nyumba kama dakika kumi. Akanirudia amekasirika.

"Wewe ulienda kufanya nini huko? Ndugu yangu ana uvimbe kinenani kama yai. Tangu mvua za mwaka jana."

Tuliporudi Kisii, kwa daktari aliingia yeye. Mimi nikakaa kwenye benchi nje.

Uvimbe huo ulipopimwa ikawa lymphoma, saratani ya tezi, tena aina ambayo daktari alikuwa ameisoma tu vitabuni. Akaniita akanichorea.

Seli ina mlango. Amri ya kugawanyika ikifika mlangoni, protini moja inaipitisha kwa nyingine, nyingine kwa nyingine, mpaka ndani kabisa. Kwa Tata, moja ya hizo za katikati hainyamazi. Inapitisha amri ambayo hakuna aliyeitoa.

"Watafiti wanatafuta dawa ya kuziba njia hiyo peke yake," akasema. "Bado wako maabara. Sisi tuna chemo, na hiyo inapiga hata seli zisizo na makosa."

Nikamuuliza kama tungesema mapema ingekuwaje.

"Kijana, sijui. Ugonjwa huu hatuujui vizuri."

Tata alipata chemo mara nne. Ya tano hakuifikia.

Karibu na mwisho nilikuwa namshikia kikombe cha uji. Akaniambia, bila kuniangalia, "Siku ile nilingoja uniulize."

Mimi nilikuwa nangoja aseme.

Siku hizi nasoma kwamba dawa za kuziba hizo pathway, zile njia za amri, zipo, zingine ni vidonge tu. Naelewa nusu, halafu nafunga simu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimpeleka mzazi hospitali, tafuta mtu wa rika lake aingie naye. Wewe kaa benchi.

Kwenu nani huingia na mzee kwa daktari? Na kama humu kuna anayezijua hizi seli, anieleze polepole: ile miezi niliyompotezea Tata, ingebadilisha kitu?