Gurudumu la Taa la Oronzo

Oronzo Mele alifunga taa za sikukuu ya mtakatifu wetu kwa miaka hamsini. Matao yake ya mbao nyeupe yalisimama juu ya barabara kwa kamba tupu, bila bolti hata moja. "Mbao isiyopumua huvunjika," alizoea kusema. Na kweli, upepo wa kusini ulipovuma, matao yaliinama kidogo kama watu wanaoitikia dua, kisha yakarudi.

Mwaka ule radi ilipasua mnara wa kanisa. Mafundi wakauvika jukwaa la mabomba ya chuma hadi kileleni, kisha Agosti wakaenda zao likizo. Tuliona aibu: sanamu ya mtakatifu, ikibebwa kwa maandamano, ipite chini ya kutu? Ndipo Oronzo akabuni kitu chake cha mwisho, gurudumu la mbao lenye taa elfu moja, la kuzungushwa na upepo, juu kabisa ya jukwaa lile.

"Utawatoa malaika roho, mzee wewe," mkewe Cosima alimwambia.

"Watashuka wacheze. Wewe beba mshumaa wako tu."

Jioni ya sikukuu gurudumu likawashwa, na mji mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye bendi, nyuma ya mtakatifu, tarumbeta mdomoni. Upepo wa joto ukaanza. Gurudumu likazunguka, jekundu, kijani, jekundu, na chini yake mabomba yakaanza kulia, mlio mwembamba kama wa mtoto aliyefungiwa chumbani. Wanawake wa mishumaa, waliotangulia maandamano, Cosima akiwa mbele, walikuwa wamebakiza hatua thelathini kuufikia mnara.

Oronzo akatoka umatini, akasimama katikati ya njia, mikono juu.

"Rudini!"

"Babu kashamaliza divai ya mtakatifu!" mbebaji mmoja akacheka.

"Tupishe, Oronzo," padri akasema. "Mtakatifu harudi nyuma. Hajawahi."

"Baba, vile vyuma vinavyolishika jukwaa ukutani, vya juu, nimevilegeza mimi. Vyote. Nilitaka lipumue."

Hakuna aliyecheka tena. Cosima alimtazama mumewe, akauzima mshumaa kwa vidole, akageuka wa kwanza. Tukamfuata. Tulijibana kwenye uchochoro wa nyuma, taji la mtakatifu likikwaruza kuta, bendi kimya. Hakuna aliyethubutu kurudi kuzima taa. Gurudumu lilibaki likizunguka peke yake juu ya uwanja mtupu, na kila nyumba ilikaa ikisikiliza.

Halikuanguka usiku. Lilianguka asubuhi, upepo ulipokwisha koma, tulipokuwa tumeanza kusema labda halitaanguka. Baada ya kishindo tulizisikia taa zikipasuka, moja moja, kwa muda mrefu.

Tangu hapo mtakatifu hupita uchochoro wa nyuma, mbele ya nyumba ya Oronzo. Yeye hutoka, huvua kofia. Mlango wake ndio pekee usio na taa.