Nywele za Bi Nadharia

Jina alilopewa na wazazi wake, wateja wengi hawakulijua. Walimwita Bi Nadharia, naye akaitika bila kununa. Alikuwa msusi mwenye saluni ndogo kwenye kona ya mtaa wenye shughuli nyingi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake ulijua utaondoka na vitu viwili: kichwa kilichopendeza, na habari motomoto za ulimwengu ambao haupo.

Ulimwengu huo ulikuwa wa vitabu. Mwandishi mmoja alikuwa ametunga hadithi za kichawi katika mifululizo miwili. Wa kwanza ulihusu nchi ya mvua na mito, ambako watu hufua kengele za shaba. Mwenye kuigonga Kengele Kuu hupata anachoomba, lakini kengele nayo humnyang'anya kitu: kivuli, usingizi, au kumbukumbu ya sura ya baba yake. Humo mke wa mfua kengele aliigonga ili mafuriko yasimeze kijiji. Kijiji kikapona, yeye akabaki bila sauti.

Mfululizo wa pili ulikuwa wa nchi nyingine kabisa, jangwa la chumvi lisilojua tone la mvua. Binti mmoja mchunga mbuzi husikia sauti ya kike ikiimba ndani ya kisima kikavu, nayo humwonyesha njia kila anapopotea. Sauti hiyo ni ya nani? Mwandishi alikaa kimya, na wasomaji wakaanza kugombana.

Wengine walisema ni jini. Wengine walisema ni roho ya mama wa yule binti. Bi Nadharia alikuwa na lake, na alilishikilia kwa mikono miwili.

"Uchawi wote ni mmoja," aliwaambia wateja huku akigawanya nywele kwa ncha ya kitana. "Kinachonyang'anywa kule huangukia huku. Ile ni sauti ya mke wa mfua kengele. Sikilizeni anachoimba! Anaimba mawingu, na nchi ile haina mawingu. Kayajulia wapi?"

Ubishi ulitoka chumba cha pili. Saluni ilipakana na kinyozi, rafiki wa mume wake, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba. Kinyozi naye alikuwa amevisoma vitabu vyote.

"Nchi hizo mbili hazina uhusiano. Shemeji, unatia chumvi!" alipaza sauti, mashine ikiunguruma mkononi.

"Kitabu chenyewe ni cha chumvi, nitie nini? Sukari?"

"Mke wa mfua kengele ana kigugumizi. Ukurasa wa kwanza kabisa anagugumiza jina la mwanawe. Sauti ya kisimani inateleza kama maji."

"Anaimba, shemeji. Nani umemsikia akigugumiza katika wimbo?"

"Na maneno je? Kabla ya kupoteza sauti, yule mke anamwimbia mwanawe 'lala, mawingu yametanda'. Sauti ya kisimani inaimba 'yametamba'. Mawingu hutamba wapi?"

Hapo Bi Nadharia aliguna. Neno hilo lilikuwa kijiwe ndani ya kiatu chake. "Makosa ya wapiga chapa," alisema, akaendelea kusuka.

Kulikuwa na mpinzani mwingine, na huyu ndiye aliyemkera zaidi. Mama yake mzazi alikaa humo saluni kila siku, kwenye kiti cha dirishani, shali mabegani. Zamani alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa nyimbo asubuhi hadi jioni. Kisha kiharusi kikampitia. Mguu ulirudi, mkono ukarudi kiasi, lakini maneno yaligoma. Yalibaki mawili tu, "ndiyo" na "hapana". Akili yake ilikuwa timamu kabisa, na mtu yeyote aliyejaribu kumnywesha chai iliyopoa aliligundua hilo upesi.

Bi Nadharia alikuwa amemsomea vitabu vyote, sura baada ya sura, wateja wakiwa wachache. Kila alipofunga kitabu na kusema, "Umeona, Mama? Ni mke wa mfua kengele," mama alitikisa kichwa.

"Hapana."

"Ni nani basi? Jini?"

"Hapana."

"Roho?"

"Hapana."

Binti alicheka, akamwekea shali vizuri, na moyoni akasema mama amekuwa mkaidi uzeeni. Hakumwambia mtu kwa nini nadharia ile ilikuwa imemkaa kooni. Alitaka pawepo mahali, hata kama ni ndani ya kitabu, ambako sauti iliyopotea bado inaimba na kuna mtu anaisikia.

Ikatangazwa kwamba kitabu kipya kinatoka, na kwamba humo siri ya kisima itafichuliwa. Wasomaji wa mtaani wakakutana kwenye duka la vitabu kubishana kwa mara ya mwisho. Bi Nadharia alisimama katikati yao. Nywele zake zilimfika mgongoni, nyeusi, nzito, zimesukwa kwa ustadi ambao kila mteja mpya aliukodolea macho. Ndizo zilizokuwa bango la saluni.

"Kama sauti si ya mke wa mfua kengele," alisema, "nyoeni hizi zote."

Watu wakapiga makelele. Kinyozi akainua mkono. "Kwa mashine yangu?"

"Kwa mashine yako. Mchana kweupe, mlango wazi."

Mume wake, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alimvuta kando. "Mke wangu, hizo nywele ni nusu ya biashara."

"Nusu ya biashara ni mdomo," alimjibu, "na mdomo hauna wembe."

Kitabu kilipofika aliamua kukisoma kwa sauti, pale pale saluni, ili asitokee wa kusema alijua kabla ya wenzake. Watu walijaa hadi kwenye kingo za masinki. Mteja mmoja alisikiliza akiwa nusu kichwa kimesukwa, nusu kimefumka. Kinyozi alikuja na mteja wake mwenye povu shavuni. Mama alikuwa dirishani, mikono juu ya magoti.

Bi Nadharia alisoma vizuri, akiwapa wahusika sauti zao. Mchunga mbuzi alifunga kamba kiunoni, akateremka kisimani. Chini hakukuwa na mtu. Kulikuwa na sauti tu, na safari hii haikuimba. Ilizungumza. Ilisema ilizaliwa kwenye nchi ya mvua, kwenye nyumba yenye joto la tanuri. Kinyozi akashika kichwa. Uhusiano ulikuwepo! Wateja wakaanza kupiga makofi, na Bi Nadharia akawanyamazisha kwa kiganja, uso wote tabasamu.

Kisha akafungua ukurasa uliofuata, na tabasamu likamfifia.

Mfua kengele alikuwa na binti mdogo. Mtoto huyo alimwona mama yake akinyauka kwa ukimya, asiweze hata kumwita aje kula. Siku moja akapanda mnarani peke yake, akaigonga Kengele Kuu, akaomba mama arudishiwe sauti. Kengele ikampa. Ikachukua ya kwake. Sauti ya kisimani ilikuwa ya mtoto, nayo ilikua humo gizani ikiimba wimbo pekee iliyoujua, kama mtoto alivyousikia: mawingu yametamba.

Kutoka dirishani likaja neno moja.

"Ndiyo."

Wote waligeuka. Mama alikuwa amenyooka kitini, macho yanamng'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mama," Bi Nadharia alisema taratibu, "ulijua kwamba ni mtoto?"

"Ndiyo."

"Kwa lile neno?"

"Ndiyo! Ndiyo!" Mama alijigonga sikio kwa kidole, akaashiria chini, usawa wa kichwa cha mtoto mdogo. Binti akaelewa. Miaka yote ile ya chekechea, mwanamke huyu alikuwa amesikia watoto wakikoroga maneno ya nyimbo. Kwake yeye, lile neno halikuwa kosa la mpiga chapa hata mara moja.

Bi Nadharia alipiga magoti mbele ya kiti. Machozi yalikuwa karibu, kicheko kilikuwa karibu zaidi. "Na mimi nilikuwa nakoroga hivyo hivyo?" Akaanza kuimba kidogo wimbo wa kunawa mikono ambao mama aliwafundisha watoto, kwa makosa aliyokuwa akiyafanya akiwa mdogo. Mama alifumba macho. Midomo ikatikisika. Na maneno yakatoka, yameshikana mkono na tuni, mstari baada ya mstari, sauti nene yenye mikwaruzo lakini yake mwenyewe: wimbo wa kunawa mikono, mwanzo hadi mwisho, bila kosa.

Fundi bomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia barabarani na kupenga kamasi kwa kishindo.

Baadaye hospitalini waliambiwa kwamba hutokea hivyo. Kuimba hupita njia nyingine kichwani, na mtu aliyepoteza maneno huweza kuyafikia kupitia nyimbo. Mama alipangiwa mazoezi. Maneno hayakurudi yote, ila alijifunza kuyavizia. Chai alianza kuiomba kwa kuimba, na sukari ikikosekana aliongeza ubeti.

Ila siku ile yenyewe bado kulikuwa na ahadi. Kinyozi alijikuna kisogo. "Shemeji, tuache. Nilisema hakuna uhusiano, na uhusiano upo. Umenishinda."

"Nilisema mke. Ni binti. Leta mashine."

"Watu hawatakudai."

"Ninajidai mimi. Leta mashine, kabla sijabadili mawazo na kutunga nadharia ya kujitetea. Unajua ninaweza."

Alikaa kwenye kiti cha kinyozi, mgongo wima, mlango wazi kama alivyosema. Misuko ilianguka mmoja mmoja sakafuni. Alipojitazama kwenye kioo aligeuza kichwa kushoto, kulia, akapapasa utosi. "Kichwa changu kina umbo zuri," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

Biashara haikuanguka. Mwezi haukwisha, wanawake kadhaa wa mtaa walitaka kunyoa kama yeye, na ilibidi awapeleke kwa kinyozi huku akinung'unika. Wasomaji nao waliendelea kukutana, sasa ndani ya saluni, mama akiwa msikilizaji mkuu. Kinyozi alikuwa ameingia kwa miguu yote miwili. Siku hizi anadai kwamba wale mbuzi wa jangwani ni wafalme wa kale wa nchi ya mvua waliouza sura zao kwa kengele, na analitetea hilo kwa ukali hadi mishipa ya shingo inamsimama. Bi Nadharia anamsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha anavuta kiti karibu na kumwambia, "Haya, shemeji. Anza na mbuzi wa kwanza. Nionyeshe ukurasa."