Doa Jeupe Begani

Zamani ukitaka kujua nani alisimama kando ya nani ulimuuliza aliyekuwepo; siku hizi unaiuliza mashine, na aliyekuwepo anaambiwa asubiri kwanza, bado inatafuta.

Mwanamke ninayemweleza hapa alikuwepo. Tulimwita Bi Mkasi, na jina lilimkaa. Alikuwa meza ya picha katika gazeti ambalo mimi nilikuwa msahihishaji wake wa prufu, zile kurasa za majaribio, mpaka lilipozimika. Mpigapicha alileta picha pana: watu hamsini, ukuta, baiskeli, mbwa amelala. Chumba cha giza, walikosafishia picha, kilitoa nakala mbili, moja ya kabati na moja ya kukatwa. Mhariri alizungushia kichwa kimoja kalamu nyekundu, akasema, "Huyu tu." Bi Mkasi akaingiza mkasi, na yule mtu akatoka katikati ya wenzake bila kuguswa sikio. Sijaona tena mkono kama ule. Siku hizi mtu hukatwa kwa kidole kwenye kioo cha simu, na bado wanamwacha na mkono wa jirani shingoni.

Mimi aliniita Nukta. "Wenzako wote wanapita," alisema, "wewe tu ndiye unayesimama." Shule niliiacha mapema, na nilichojua nilikiokota kwenye makosa ya waliosoma. Hilo lilimchekesha sana. Hatukuwa zaidi ya marafiki, na urafiki wenyewe ulikuwa wa kutaniana.

Ukumbi wa mitambo sasa wanauza magodoro. Bi Mkasi alibaki na vyumba viwili juu ya duka la rangi, na ngazi zake zilinuka tapentaini. Macho yalimwingia ukungu. Alimtambua mtu kwa kikohozi. Kila alasiri nilipanda kumsomea habari kwenye simu, maana gazeti la kushika mkononi limekufa, na kila nilipokutana na kosa la tahajia nilisimama nikaguna.

"Endelea, Nukta. Habari yenyewe ni ya uongo, itaponywa na herufi?"

Aliishi na mwanawe. Kwa damu alikuwa mtoto wa mdogo wake. Kwa malezi alikuwa wake. Mdogo mtu alifanya kazi kiwanda cha nyuzi, akafa kwa homa mtoto hajaanza hata kutambaa. Kilichobaki ni picha moja, ndogo kuliko kiberiti. Gazeti letu liliitoa lilipoandika juu ya wanawake wa kiwandani, na aliyeikata ni Bi Mkasi mwenyewe. Uso, shingo, kola ya blauzi, vifungo viwili, na begani, pale mkasi ulipopita, doa dogo jeupe.

"Hicho ni kiganja chako," alimwambia mtoto tangu alipokuwa anajifunza kusema. "Mama yako alikuwa amekubeba. Mhariri alitaka uso tu, nikakukata. Kiganja kikang'ang'ania."

Mtoto alikua na doa hilo. Wengine wana picha na mama zao, yeye alikuwa na doa. Nilishamwona, mtu mzima mwenye ndevu, akipita kando ya kitanda cha Bi Mkasi na kuligusa juu ya kioo cha fremu, kama anayejaribu kama rangi imekauka.

Kazi yake ilikuwa kiwanda cha maji ya matunda, kuzifundisha kamera kutafuta lebo kwenye chupa. Chupa ambayo lebo yake imepinda inasukumwa pembeni. Zamani kazi hiyo walifanya wanawake waliokaa kwenye viti virefu wakipiga soga; sasa wanapiga soga makwao, bila viti. Nilimwambia hivyo. "Kweli, Mzee," akasema, akanimiminia chai. Ndivyo alivyo, hupati pa kugombana naye.

Basi ikasikika kwamba wenye gazeti, kabla ya kutupa makabati, walizipiga upya picha zote na kuziweka kwenye kompyuta, kila anayetaka azitazame. Jambo jema, ila walipiga upande wa mbele tu. Maelezo, nani ni nani na wapi, sisi tulikuwa tunayabandika nyuma, na nyuma hapakuwa na aliyepafunua. Zikabaki picha maelfu kwa maelfu, watu wote bubu.

"Nitaitafuta ile pana," mwanawe akasema. "Sihitaji maelezo. Ndogo ninayo."

Akatueleza. Programu inachukua picha ndogo, inailaza kwenye kona ya kubwa, inalinganisha weupe na weusi, nukta kwa nukta, inatoa alama. Inaisogeza kidogo, inatoa alama nyingine, hivyo hivyo mpaka imeimaliza picha nzima. Penye alama kubwa kuliko zote inachora mraba. Na kwa kuwa hatukujua ile pana ilichapwa kwa ukubwa gani, aliikuza ndogo na kuipunguza, ikapitishwa upya kila mara.

"Kwa hiyo haioni," Bi Mkasi akasema.

"Haioni, Mama. Inalinganisha tu."

"Inapapasa. Kumbe kipofu mwenzangu. Mpe kiti akae."

Jibu la kwanza lilikuja nikiwepo. Mraba mwekundu, nadhifu kabisa, umezunguka gurudumu la lori. La pili lilikuwa dirisha la posta. Mwanawe alimsimulia Bi Mkasi, naye akatikisa kichwa.

"Mama yako alikuwa amejaa, sikatai. Lakini lori?"

Kasoro, mwanawe alisema, ni kwamba haijui kusema hapana. Ukiiuliza mtu yuko wapi itakuonyesha mahali, hata kama hayumo. Nikasema nimeshafanya kazi na wahariri wa namna hiyo. Akaiwekea kiwango, alama zikiwa chini ya hapo inyamaze. Ikanyamaza. Ikapita kabati zima la maisha yetu, kila mkutano, kila mafuriko, kila mpira, kimya.

Alasiri hizo Bi Mkasi alikuwa hasikilizi habari. Mwanawe akiwa kazini, alinisimamisha katikati ya sentensi.

"Nataka aone kwamba alibebwa, Nukta. Mimi nikiondoka, nani atamwambia? Doa litakuwa doa."

"Ataipata."

"Mashine yenyewe inamwita mama yake dirisha."

Jumapili moja mwanawe alitoa picha kwenye fremu akasimama nayo dirishani, akiigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama, blauzi za kiwandani zilifungwa vifungo upande gani?"

"Upande wa kike, upande gani tena?"

"Humu vimefungwa kiume."

Mimi na Bi Mkasi tukacheka kama watoto waliokutwa na sukari. Gazetini kila mtu alilijua jambo hilo. Tulikuwa tumesahau kwamba si kila mtu duniani alifanya kazi gazetini. Uso haukuruhusiwa kutazama nje ya ukurasa. Mtu akitazama nje, mhariri alisema, msomaji naye atatoka. Basi ikitokea sura imeelekea kubaya, fundi wa chumba cha giza aliigeuza negativu, ile filamu yenyewe, akachapa kinyume, na mtu akatazama ndani kwa adabu. Tuliwahamishia watu makovu kutoka shavu moja hadi jingine, wala hatukuwauliza.

Mwanawe hakucheka. Alikaa, akaandika mstari mmoja kwenye programu, ile ndogo ikageuka. Chai haikuwahi kupoa. Mraba ulitua.

Geti la kiwanda, zamu inatoka. Wanawake wengi, jua limewapiga usoni. Yeye yuko karibu na nguzo, anacheka na mtu asiyeonekana, blauzi imefungwa kama inavyotakiwa. Mkono mmoja umeshika mkebe wa chakula. Wa pili ameuinua kujikinga jua. Nyuma yake mwenzake amegeuka kuita mtu, na ncha ya kitambaa cha kichwa cha huyo mwenzake, nyeupe, imeangukia begani pake.

"Imempata?" Bi Mkasi akauliza.

"Imempata."

"Umejiona?"

Nilidhani atadanganya. Aliinama akaikuza mpaka bega likawa vijiraba vya kijivu na vyeupe, akairudisha, akaikuza tena. Kisha akasema polepole, "Simo, Mama. Ni kitambaa cha mwenzake."

"Basi siyo hiyo."

"Ndiyo hii. Alama zake tisini na sita kwa mia."

"Ilishakuonyesha lori."

"Kweli. Lakini hii nimeitazama mwenyewe, Mama. Mikono yote miwili inaonekana."

Chini dukani mashine ya kukorogea rangi iliwashwa, ikatetemesha sakafu, ikazimwa.

"Nilikikata kiganja," Bi Mkasi akasema. "Nakumbuka kilivyonisumbua kukizunguka."

Kwa kuwa na mimi nilikuwa na yangu ninayoyakumbuka, nikasema, "Aliyembeba ni wewe. Mwaka mzima ulikuja naye kazini mgongoni. Akilala ulimweka kwenye boksi la karatasi za kutupa. Akiwa macho, ukiinama kukata, alikushika hapa." Nikaonyesha begani kwangu, nikakumbuka haoni, nikamgusa la kwake.

"Usinichanganye, Nukta."

"Ipo picha yake?" mwanawe akauliza.

"Ya nani?"

"Yako, umenibeba."

"Nani angenipiga? Kinyozi hajinyoi."

Hata hivyo aliitafuta. Alichukua sura ya Bi Mkasi kwenye kitambulisho chake cha zamani, akaipitisha kabati zima, imeelekea kulia, imeelekea kushoto. Kimya. Alishusha kiwango, ikaanza kumletea wanawake wa watu, mmoja akiuza ndoo, mmoja akilia mahakamani. Akakipandisha tena, akafunga. Mawaziri wamo mle, na wezi, na walinda mlango waliofungwa mabao sita. Wote walipita mikononi mwa Bi Mkasi. Yeye hayumo hata kisigino.

Kuna watakaosema mashine haikukosea, na mimi sisemi ilikosea. Nasema tu kilichofuata. Bi Mkasi aliacha kusimulia. Zamani ungemtajia mwaka angekupa mvua ya mwaka ule, nani alioa, nani alitoroka na nani, na kofia aliyovaa akitoroka. Sasa alianza jambo, akafika katikati, akauelekeza uso upande ilikowekwa kompyuta. "Au nimeota?" Hilo neno lilinichosha kuliko ngazi zake. Nilizoea kumsikia akibishana na kila mtu, hata na redio.

"Sema tu, Mama," mwanawe alimwambia. "Mimi nasikiliza."

"Hapana, baba. Kaangalie kwanza."

"Sitaki kuangalia. Nataka unisimulie."

"Nikusimulie nini, kitambaa cha watu?"

Mwanawe alijaribu kila njia. Alimuuliza juu ya boksi la karatasi nililolitaja, lilikuwa kubwa kiasi gani, alilala kifudifudi au chali. Bi Mkasi akajibu, "Muulize Nukta, yeye ndiye anayekumbuka." Nikamweleza mimi, pale pale, mbele yake, jinsi mtoto alivyotafuna pembe za picha ya gavana wa benki, na mhariri akatafuta picha nyingine. Mwanawe alicheka mpaka akafuta macho. Bi Mkasi alisikiliza kama anayesikiliza habari za jirani.

Ile ndogo ilirudi kwenye fremu. Mwanawe hakuweka ile pana badala yake, ingawa aliichapisha, ikakaa mezani imelala kifudifudi. Na sikumwona tena akiligusa doa.

Kiwanda chao kilimhamisha. Ikaamuliwa macho ya Bi Mkasi yapasuliwe kwanza, na kutoka hospitali waende moja kwa moja wanakohamia, mizigo itangulie asubuhi. Niliwasindikiza. Ukumbi ulikuwa mrefu, mabenchi ya chuma, watu wamefunikwa jicho moja moja. Bi Mkasi alikaa katikati yetu, mkoba magotini. Muuguzi akafika, binti mwenye haraka.

"Bibi, huyu aliyekuleta ni nani wako?"

"Mimi ni mtoto wake," mwanawe akasema.

"Mama mkubwa," Bi Mkasi akamsahihisha. "Mama yake ni yule wa getini, anayecheka."

Muuguzi akageuka kutazama getini.

"Mtoto wake," mwanawe akarudia.

"Mwambie ukweli binti wa watu, ana kazi nyingi. Mimi nilimlea tu."

"Ulinibeba."

"Hakuna aliyeona."

"Mzee aliona," mwanawe akasema, akininyooshea kidole bila kunitazama. "Na mimi nakuambia nilibebwa. Au na mimi unaniambia nikaangalie kwanza?"

Bi Mkasi aliuvuta mkoba karibu na kifua. Nilisubiri hata tusi. Muuguzi alisema anaingia mgonjwa, na mtu wake mmoja tu wa karibu kama hawezi kutembea peke yake, na kama wataendelea kubishana atamwita anayefuata.

"Basi ingia na mimi," Bi Mkasi akamwambia mwanawe. "Lakini usiseme sana. Unachosha watu."

Akasimama, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa shati la mwanawe, akaushika. Aliniambia, "Nukta, ukiona kosa huko kwenye habari, waache." Wakaingia. Mlango ulikuwa wa kioo cha ukungu, na kwa muda niliona vivuli vyao viwili vimesimama, kimoja kinaeleza kwa mikono. Nilikaa pale benchi mpaka ukumbi ukaanza kufagiliwa. Mfagiaji akaniambia wagonjwa hawarudi kwa mlango huo, wanatokea upande wa nyuma, na wa leo wameshaondoka wote.