Tulimfukuza Mwalimu, halafu tukatumia jina lake kumpiga kocha mpya

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi kwa hii jukwaa huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu naona kila wiki mnapigana hapa kuhusu kocha wa zamani na kocha wa sasa, nani alijenga na nani anakula matunda. Nitawaambia yaliyonipata mimi, vile yalikuwa, hata pale yananiaibisha.

Niko na agrovet ndogo hapa Wamagana, Tetu. Nauza chakula ya kuku, dawa ya ng'ombe, mbegu. Na nashabikia timu yetu ya mtaani tangu nikiwa shule. Jina kamili ya timu naiacha, wenye wanajua watajua.

Kwa miaka tisa tulikuwa na kocha mmoja. Tulimwita Mwalimu Ndiritu, kwa sababu alikuwa amestaafu ualimu wa primary. Nusu ya wachezaji aliwafundisha hesabu kabla awafundishe mpira. Mipira alikuwa anabeba kwa gunia, kwa bega, kutoka kwake mpaka uwanjani.

Mchezaji akikosa training, Mwalimu hakupiga simu. Alienda kwao nyumbani, akakaa chini na mama yake, akauliza kuna shida gani.

Lakini wakuu, hatukuwa tunapanda ligi. Mara tatu tulimaliza namba mbili. Mara tatu!

Ile ya mwisho tulikuwa Murang'a. Draw tu ingetutosha. Tukafungwa kwa corner, dakika za mwisho kabisa, na kila mtu alijua timu ya Mwalimu haijui kukaba corner. Tulirudi nyumbani kama watu wametoka mazishi.

Jumatatu yake tukakutana kwa hoteli ya Kariuki. Kariuki ni shemeji yangu, ameoa dada yangu Wanjira, na hoteli yake ndiyo bunge ya mashabiki. Hapo tukaandika barua kwa kamati ya timu. Ati Mwalimu amechoka, ati mpira ya siku hizi imemwacha, ati tunamshukuru lakini aondoke.

Watu kumi na saba tuliweka sahihi. Mimi nilikuwa wa tatu.

Kariuki alikataa. Alisema, "Mimi nitawapikia chai mkiandika, lakini hiyo kalamu sishiki."

Mwalimu hakungoja kamati ikae. Alileta gunia ya mipira kwa ofisi ya chairman, akasalimia, akaenda.

Baada yake akaja Kocha Halake. Huyu ni mtu wa Nanyuki, familia yao ni Waislamu wafanyabiashara wa mifugo. Kijana kiasi, ako na masomo ya ukocha, haongei sana. Siku ya kwanza alisema maneno kama kumi tu, kisha akaanza kupanga koni.

Wiki mbili nzima alifundisha corner. Corner tu. Wachezaji wakalalamika, sisi tukacheka.

Alimweka captain wetu benchi, mtu Mwalimu alikuwa anampenda kama mtoto wake. Msimu wa kwanza tulihangaika vibaya. Hapo ndipo nilianza kusikia watu wakisema, "Mwalimu hangefanya hivi." Na mimi nikaanza kusema hivyo pia, tena kwa sauti kuliko wengine.

Msimu wa pili tukapanda ligi.

Mngedhani kelele itaisha. Wapi! Hapo ndipo iliwaka. Sasa swali ikawa, hii kupanda ni ya nani? Ni ya Halake mwenye alitupandisha, ama ni ya Mwalimu mwenye alilea hao wachezaji tangu wakiwa na meno ya utoto?

Kwa group yetu ya WhatsApp mimi ndio nilikuwa wakili wa Mwalimu. Niliandika ati Halake amekula ugali yenye mwenzake alisonga. Watu wakaipenda hiyo, wakaisambaza mpaka ikafika group zingine. Kila nikifungua duka asubuhi, kazi ya kwanza ni kuangalia nani amenijibu.

Kariuki alikuwa upande wa Halake. Tulianza kwa utani. Baadaye tukawa hatusalimiani. Dada yangu akatuita kula siku moja, sisi wawili tukaangalia sahani mpaka chakula ikaisha. Wanjira akasema, "Mpira si ndugu yenu. Mimi ndio ndugu yenu." Hatukusikia.

(Niseme kitu hapa. Wengine kwa upande wangu walianza kuingiza kabila na dini. Ati mtu wa kuuza mbuzi atajua nini. Mimi sikuandika hiyo hata siku moja. Lakini pia sikumwambia mtu afute. Nilikuwa nahesabu hao ni watu wangu.)

Msimu huu, kwa ligi ya juu, tulianza vibaya. Kisha ikafika mechi ya Nanyuki.

Tulienda mashabiki wengi. Pale kwao Halake, familia yake yote ilikuja kuangalia. Wazee walikaa kwa mstari mmoja, karibu na sisi kabisa, na babake akiwa katikati, mzee mrefu wa kofia nyeupe na fimbo. Walikuja kuona mtoto wao akifanya kazi.

Kufika half time tulikuwa tumefungwa mbili bila.

Timu zikirudi uwanjani, mimi nikasimama. Nikaanza, "Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!" Nikipiga makofi. Watu wakaidaka. Dakika moja tu, upande wetu wote ulikuwa unaimba jina ya Mwalimu, na Halake amesimama hapo mbele, mgongo kwetu, mikono nyuma.

Kisha mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Rudi kwa mbuzi!" Watu wakacheka.

Nilimwona Halake akiinamisha kichwa kidogo tu. Hakugeuka.

Mechi iliisha hivyo hivyo, mbili bila. Tukitoka, yule mzee babake akanikaribia. Nilidhani atanitusi, nikajitayarisha. Akaninyooshea mkono.

"Kijana wangu, salaam."

"Salaam, mzee."

"Huyu Mwalimu mlikuwa mnamlilia, alikuwa mtu mkubwa kwenu?"

"Ndiyo, mzee. Sana."

"Poleni sana. Amefariki lini?"

Wakuu, mzee hakuwa ananicheka. Alikuwa ananipa pole kweli. Kwake, watu hawawezi kuita jina ya mtu hivyo, kwa uchungu hivyo, kama mtu huyo ako hai na anaweza kutembelewa.

Nikamwambia, "Hajafariki, mzee. Ako nyumbani."

Akaniangalia. "Ako nyumbani?"

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mumsalimie." Akaenda zake.

Njia yote ya kurudi sikufungua group hata mara moja.

Jumapili baada ya kanisa nikapitia kwa hoteli ya Kariuki. Sijui hata kwa nini nilienda, labda nilitaka kugombana. Mtu mmoja akanisifu mbele ya watu, ati mimi ndio shabiki wa kweli wa Mwalimu, ati nilianzisha ule wimbo. Kariuki alikuwa anapangusa meza. Akaacha kitambaa.

"Shemeji," akasema, "mimi nimenyamaza miaka yote hii kwa ajili ya dada yako. Leo wacha niulize. Hiyo barua ya kumtoa Mwalimu ilikuwa na jina ya nani hapo juu?"

Watu wote wakanigeukia.

"Kila mtu alikuwa ameudhika siku hiyo," nikasema.

"Mimi pia nilikuwa nimeudhika. Nilienda Murang'a, nikalia kuliko wewe. Lakini sikuweka sahihi. Sasa wewe mwenye uliweka ndio unamlilia, na mimi mwenye nilikataa ndio naitwa adui wa Mwalimu. Nieleze. Niko tayari kuelezwa."

Nikawaangalia walioketi pale nikaona, kati ya wale kumi na saba wa barua, wengi walikuwa upande wangu. Sisi ndio tulikuwa na sauti. Nafikiri tulikuwa tunapiga kelele ndio tusisikie vile tulifanya.

Nilitoka bila hata kunywa chai.

Jumanne nilifunga duka mapema nikaenda kwa Mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke. Si mbali, wakuu. Ni kutembea tu, kupita josho ya ng'ombe, kushuka, unafika.

Nilimpata kwa shamba akipunguza matawi ya kahawa. Mama, bibi yake, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nikamsalimia. Akaitikia bila kuinua macho.

Nikaingia kwa kahawa. Nikasema, "Mwalimu, nimekuja kusema kitu. Ile barua..."

"Najua," akasema, akiendelea kukata. "Chairman alinionyesha. Wewe ulikuwa wa tatu. Mwandiko wako sijawahi kuusahau, nilikusahihishia vitabu miaka miwili."

Nikasimama hapo kama niko kwa ofisi ya headmaster.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia." Akakata tawi lingine. "Na hiyo ya Nanyuki nimesikia pia. Nilipigiwa simu, mtu akaniwekea nisikilize. Ati nifurahie."

"Hukufurahia?"

Hapo ndipo aliniangalia. "Huyo Halake ni kocha. Mimi nilikuwa kocha. Najua vile hiyo wimbo inaingia kwa mtu. Mimi pia mliniimbia hivyo jina ya kocha mwenye alikuwa kabla yangu, umesahau? Msinichukue mkanifanya rungu ya kumpiga mwenzangu. Kama unataka kunitaja, nitaje ukiwa hapa kwangu."

Nikauliza, sijui kwa nini, "Mwalimu, na kusema ukweli, timu ni ya nani?"

Akafikiria. "Wachezaji niliwalea mimi, hiyo hakuna mtu ataninyang'anya. Lakini corner mimi sikuijua. Nilisoma, nikajaribu, sikuijua. Yeye anaijua." Akarudi kwa kahawa. "Nenda umwombe yeye. Ndiye ulimkosea juzi."

Sikuambiwa nimesamehewa. Na sikupewa chai. Nyinyi wa huku kwetu mnajua mtu kutoka boma bila kupewa chai ni kuambiwa bado hajakubaliwa.

Alhamisi nikaenda training. Nikangoja mpaka wachezaji wakaenda. Nikamwambia Halake mimi ndio nilianzisha wimbo, na sikumnyamazisha yule wa mbuzi.

Akakusanya koni zake. Akasema, "Babangu ndiye aliuliza hiyo ya mbuzi ilimaanisha nini. Nikamwambia ni utani wa huku kwenu. Nimemdanganya babangu kwa ajili yenu."

Hiyo iliniuma kuliko yote. Angenitusi ingekuwa nafuu.

Kisha akaniuliza swali ya kazi kabisa. "Huyu beki wa kushoto, kwa nini anaogopa kuruka apige mpira kichwa? Nimejaribu kila kitu."

"Mwalimu anaweza jua," nikasema.

"Nilimpigia mara mbili nilipokuja. Hakushika."

Kumbe! Basi hata Mwalimu alikuwa na kinyongo chake. Usiku sikuandika kwa group, niliandika asubuhi nikiwa nimetulia, kwa jina yangu: nilisaini barua, nilianzisha wimbo, naomba Halake msamaha, na mwenye alisema maneno ya mbuzi ajue hakuwa ananisaidia. Watu kama kumi walitoka kwa group. Mmoja aliniita Yuda. Kariuki hakuandika kitu, alinitumia tu picha ya kiti tupu kwa hoteli yake. Nikaenda.

Swali ya Halake nilimpelekea Mwalimu kwa simu. Akasema hiyo si ya simu, ni ya kuonyeshwa.

Mechi ya nyumbani iliyofuata alikuja. Na Mama. Hawakukaa na sisi, walikaa upande wa shule, peke yao. Watu walitaka kuimba, Kariuki akasimama akawageukia na mkono juu, wakaacha.

Tulitoka sare ya bao moja kwa moja. Firimbi ikilia, Halake akavuka uwanja wote akaenda kwa Mwalimu. Wakasalimiana. Wakaongea kama dakika kumi. Mwalimu akawa anaonyesha kwa shingo na bega, Halake anarudia vile ameonyeshwa. Beki mwenyewe akaitwa.

Sisi mashabiki tulisimama kule ng'ambo tukitazama. Hatukusikia neno hata moja. Miaka yote tulibishana kuhusu hao watu wawili, na walipoanza kuongea, hakuna mwenye alituita.

Msimu bado unaendelea. Tunaweza shuka, sitawadanganya. Ubishi bado uko, na mimi na Kariuki bado tunabishana, lakini tukiwa meza moja.

Nimejifunza hii tu: ukijipata unamsifu sana kocha mwenye alienda, jiulize ulikuwa upande gani siku alienda. Na kama ako hai, nenda umwone kabla umwimbie.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Ambieni kocha gani mlisaini aondoke na leo mnamlilia. Nimeanza mimi, kwa hivyo msione haya.