Gitaa Lenye Besi

Masikio ya baba yangu yaliliwa na korona. Nikisema hivyo kwa watu wasio wa Tanga hunipa pole ya ugonjwa, nami hupandwa na hasira za bure, kwa sababu korona ya kwetu ni ya zamani kuliko ugonjwa huo. Ni mashine ya kuchakata mkonge. Jani linaingia bichi na nene, linatoka nyuzi, na anayesimama karibu haongei, anaonyesha kwa mikono. Baba alisimama hapo tangu aliposhuka kutoka Usambara akiwa kijana mpaka walipompumzisha. Ugonjwa ulipoingia na kila redio ikawa inalitaja jina hilo, alisogeza sikio lake la kushoto, lile lililokuwa na uhai kidogo, akasema, "Hiyo mimi naijua siku nyingi."

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, mlio wa korona ukipita ukutani kutwa nzima. Nadhani ndiyo sababu ya yote. Nilipokuwa nimeshaanza kazi ya ukarani katika shule moja Raskazone, nilinunua simu ya mkononi iliyotumika, na ndani yake mwenyewe wa zamani alikuwa amesahau kadi iliyojaa nyimbo. Nilitia visikilizio masikioni nikakutana na muziki wa metali. Magitaa yanakoroma, ngoma zinakimbizana, mtu anapiga kelele kama aliyebanwa na mlango. Nilikaa kitako. Wengine walisema ni muziki wa mashetani, na mwalimu mmoja wa kwetu, Mlutheri mwenzangu, aliniombea hadharani. Mimi nilisikia nyumbani.

Baba aliponiona natikisa kichwa peke yangu aliuliza nasikiliza nini. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa sababu wakati huo maneno yalikuwa yanampita: "Magitaa. Yanalia kama korona." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia, "Nunua lako. Unipigie nisikie kabla haya hayajafunga."

Nilimpeleka hospitali. Mama wa vipimo alikuwa mpole na hakunificha. Mishipa iliyokufa haifufuki, alisema, na iliyobaki iko njiani. Akaeleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, ndege, simu, watoto, na zile nzito hubaki nyuma kidogo. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mazima, nikaitikia kwa kichwa, tukarudi nyumbani.

Basi nikaanza kuchagua. Mtu wa mshahara wangu hanunui mara mbili, kwa hiyo nilitaka kununua sawasawa. Kila jioni nilisoma kwenye simu. Nilijifunza kwamba kwa muziki ule gitaa linataka pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zenye koili mbili, maana za koili moja ukizitia sauti ya mkwaruzo zinavuma kama nyuki. Nilijifunza kwamba magitaa ya bei nafuu yenye daraja la kuchezacheza, pale nyuzi zinaposhikizwa, hupoteza sauti kila baada ya wimbo, heri lililofungwa imara. Nilijua unene wa shingo, aina ya mbao, namba za nyuzi. Nilijua mambo yote ya gitaa isipokuwa kulishika. Miezi ikaenda hivyo. Leo nachagua hili, kesho nasoma mtu anayelilalamikia, naliacha. Baba akaacha kusikia adhana ya msikiti wa jirani, ambayo alizoea kuamkia ingawa si yake.

Madukani Tanga nilikuta vinanda na spika, magitaa sikuyaona. Aliyeniokoa, au nilidhani ameniokoa, ni jirani yangu wa Mikanjuni, Mdigo mchangamfu anayevuka mpaka wa Horohoro kila mwezi kuleta vifaa vya umeme vilivyotumika kutoka Mombasa. Nilimfuata nikiwa nimekariri kila kitu, lakini nilimwona anaangalia pembeni nilipofika kwenye koili. Nikaona nimrahisishie.

"Nataka gitaa la umeme," nikamwambia. "Lenye besi."

"Besi ya kutosha?"

"Nzito kabisa. Inayokoroma."

"Wallahi dada, hilo utalipata. Hilo niachie mimi."

Mtu yeyote wa mitaa yetu akinunua redio huuliza kama ina besi, na maana yake ni kishindo. Hicho ndicho nilichokitaka. Nilisahau kwamba kwa wapiga muziki besi ni gitaa lenyewe, kaka mkubwa wa magitaa, la nyuzi nne nene, linalokaa nyuma ya bendi likishikilia wimbo. Jirani hakusahau. Alimuuliza fundi wa Mombasa, fundi akampa alichokitaja.

Alilileta limefungwa kwenye blanketi. Nikalifungua mbele yake.

"Nyuzi mbili zilizobaki ziko wapi?"

"Ndivyo lilivyo, dada. Ulisema besi."

"Nilisema besi ya sauti."

"Na hili lina nini? Lina pilau?"

Nilimfokea, na hakustahili. Alikuwa amelibeba mapajani tangu mpakani asije akalivunja shingo. Aliondoka ananung'unika, mimi nikabaki na lile dude refu kitandani.

Nililiunganisha na sabufa ya sebuleni kwa hasira tu, nijue kama linafanya kazi. Sabufa ilikuwa chini, karibu na mlango ambapo baba alikuwa ameketi na ungo mapajani, anachambua maharage. Nikavuta uzi mnene kuliko yote. Maharage yakatikisika kwenye ungo. Baba akainua kichwa, akatazama nje.

"Lori hilo?" akauliza.

Nikamwonyesha gitaa, nikatikisa mkono kumwambia hapana, ni upuuzi huu. Niliona ananikejeli na yeye. Nikachomoa waya.

Sikulala nalo hata wiki. Jumapili hiyo kanisani alikuwapo kijana mgeni anayepigia kwaya, mwenye gitaa la umeme jeusi, la nyuzi sita, koili mbili, daraja limefungwa, na kwaya yao ya huko Amani, milimani, ilikuwa inalilia besi. Tulibadilishana baada ya ibada, kila mmoja akidhani amempunja mwenzake. Siku hiyo nilifurahi, sikatai. Lilikuwa lile lile nililolisoma mwaka mzima, likiwa na mkwaruzo mmoja tu mgongoni. Nilirudi kwa bodaboda nimelikumbatia, baba akalipapasa, akasema ni zuri, akauliza ni lini.

Nikamwandikia: "Nikijua."

Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kuliko hata kwenye kubadilishana. Niliona aibu kumpigia vibaya. Mtu ana nafasi chache za kusikia, nitamjazia makosa? Nikawa nafanya mazoezi kwa visikilizio ili asisikie kabla ya wakati. Fikiria hilo. Nilikuwa namficha kiziwi kelele. Vidole vilitoka malengelenge, yakawa sugu, nikajifunza kuziba nyuzi kwa kiganja mpaka zikorome inavyotakiwa. Nilitunga kipande kifupi, cha dakika mbili, mwendo wa korona ninayoikumbuka: inavyoanza taratibu asubuhi, inavyoshika kasi, inavyolia jani likiingia kombo.

Nilipoona kimekaa, ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimketisha baba kwenye kiti chake, nikasogeza sabufa miguuni pake, nikafungua sauti mpaka majirani wakachungulia. Nikapiga. Sikukosea hata mara moja. Nilikuwa sijawahi kupiga vizuri vile, na sijapiga vile tena. Nilipomaliza, nilimwangalia. Alikuwa anavitazama vidole vyangu kwa heshima, kama mtu aliyealikwa.

"Umeanza?" akauliza.

Nikalilaza gitaa mapajani. Alielewa mwenyewe. Akasema, "Lile la kwanza. Lile lililopiga kama lori. Liko wapi?"

Ndipo nilipomsikia yule mama wa vipimo, mwaka mzima na zaidi baada ya kuniambia. Nzito hubaki nyuma kidogo. Baba hakuwa amenikejeli. Alikuwa amesikia. Mpumbavu mmoja Mombasa na mwingine Mikanjuni walikuwa wamemletea baba gitaa pekee lililomfaa, na mimi nimelitoa kwa sababu halikuwa na nyuzi za kutosha.

Nilipanda Amani wiki iliyofuata. Wanakwaya walinipokea vizuri, wakanipa chai, wakasita, mwishowe wakaniazima kwa siku chache, kwa masharti kwamba Jumapili liwe limerudi. Nililishusha mlimani. Sikufanya mazoezi, sikutunga kitu. Nilimketisha baba palepale mlangoni, nikamwekea hata ungo wa maharage, kama kwamba maharage ndiyo yaliyosaidia. Nikavuta uzi mnene. Maharage yakatikisika vilevile. Nikavuta tena, kwa nguvu, mpaka dirisha likajibu.

Baba alisubiri. Akaweka kiganja juu ya sabufa, akakiacha hapo muda mrefu.

"Inatetemeka," akasema. "Naona inatetemeka."

Nikapiga tena. Akatikisa kichwa polepole, na aliponitazama usoni nadhani aliona nilivyokuwa, maana alibadilisha maneno haraka.

"Siku ile lilikuwa lori kweli, mwanangu. Lilipita lori."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikachomoa waya, nikalirudisha gitaa kwenye blanketi lake. Kwetu ni uchochoro. Bajaji ikiingia inatoka kinyumenyume, na lori halijapita hapo hata siku moja.